Namba Sita Kashika Magoti

Jumapili iliyopita nilirudi nyumbani sina sauti. Mama watoto akadhani ni mafua ya mvua hizi za mlimani, akanichemshia tangawizi na mdalasini wa Kinole. Nikanywa kimya kimya. Sikumwambia kwamba sauti nimeiacha uwanja wa Jamhuri, upande wa mzunguko, dakika ya 73, nikimpigia kelele mtu aliyekuwa umbali ambao hata kiziwi angesikia. "Mtoe! Mtoe namba sita!" Kocha hakugeuza hata shingo.

Timu yenyewe siitaji jina. Ni ya hapa hapa mjini, inacheza ligi za chini huko ambako matokeo yake hayasomwi redioni, na katibu wake ni jirani yangu tunayechangia naye bomba la maji. Nikiandika jina leo, kesho nitakuwa nachota Mto Morogoro.

Ila namba sita wetu nitamweleza. Kijana mzuri, ana mapafu ya mtu aliyekulia Mgeta akipandisha gunia la kabichi kila siku ya soko. Dakika 45 za kwanza alikuwa kila mahali, ungedhani wapo wawili. Kipindi cha pili, dakika ya 50 hivi, mpira ulipotoka nje nikamwona anainama, mikono magotini, kichwa chini, kama mtu aliyedondosha shilingi mia na hana nauli nyingine. Nikamwambia jirani yangu wa jukwaani: huyo kaisha. Akanijibu anafunga kamba. Dakika ya 54, tena. Dakika ya 58, tena, na safari hii alichelewa kuinuka. Mtu hafungi kamba mara tatu kwa dakika nane, labda awe muuza viatu.

Dakika ya 71 kiungo wao akaja na mpira katikati. Namba sita wetu akamsindikiza kwa macho, akampisha kama bodaboda anavyopisha msafara wa kiongozi. Goli. Dakika ya 73 kocha wetu akasimama, akavuta suruali juu, akaita mabadiliko. Nikashukuru Mungu. Kibao kikainuliwa. Akamtoa winga wa kulia.

Hapo ndipo sauti ilipokatika.

Nina jambo moja tu la kusema katika safu hii, na nimelisema kijiweni mpaka muuza kahawa ameanza kunipunguzia kashata. Makocha wetu hawabadilishi mchezaji aliyechoka. Wanabadilisha matokeo yaliyokwisha kuharibika. Mchezaji ataishiwa pumzi mbele ya macho ya watu elfu mbili, muuza karanga ataona, mwokota mipira ataona, lakini benchi la ufundi litasubiri barua rasmi, na barua rasmi ni goli. Ukiwauliza wanasema walikuwa "wanausoma mchezo". Mchezo gani huo unasomwa mpaka ukurasa wa mwisho ndipo mtu aanze kujibu maswali?

Na wala siyo kwamba wamenyimwa nafasi. Zamani mtu alikuwa na haki ya kulia. Ligi ya Uingereza haikuruhusu hata mchezaji mmoja wa akiba mpaka mwaka 1965, alipoingia Keith Peacock wa Charlton baada ya kipa wao kuumia. Kabla ya hapo ukivunjika unachechemea pembeni mpaka filimbi. Tumekwenda, tumekwenda, mwaka 2020 likaja lile janga la korona, wakubwa wa sheria wakaruhusu wachezaji watano badala ya watatu, na 2022 wakaiweka sheria moja kwa moja. Watano! Nusu ya wachezaji wa ndani ukimtoa kipa. Kocha wetu anawatunza hao watano kama bibi anavyotunza vikombe vya wageni. Wageni hawaji, vikombe vinakaa kabatini, sisi tunanywea vya plastiki.

Basi Jumatatu jioni nilikuwa nalalamika hayo uani, kwa sauti ya kunong'ona maana ndiyo iliyokuwa imebaki, mpwa wangu akanisikia. Huyu kijana anasoma kilimo SUA na anakaa kwangu. Sekondari alisoma Azania, Dar es Salaam, na pale Azania kuna kitu ambacho mimi nilidhani ananitania: uwanja wa besiboli, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Kijana amerusha mpira pale, na glovu lake bado analo, mama watoto analitumia kushikia sufuria.

"Mjomba," akasema, "kwenye besiboli hiyo kelele yako ingekuwa na kazi. Kule mrushaji anahesabiwa."

"Anahesabiwa nini?"

"Kila mpira anaorusha. Yupo mtu kazi yake kuhesabu. Ikikaribia mia moja, kocha anaanza kumwandaa mwingine pembeni. Hawasubiri apigwe. Mkono ukichoka, kasi inashuka, mpira unaanza kukaa pale mpigaji anapoutaka."

Nikaweka kikombe chini. Jamani, nimeishi miaka 52 katika mji huu kasoro bahari, kumbe ipo nchi ambako mtu analipwa kufanya kazi ninayoifanya mimi kwa kiingilio changu mwenyewe.

(Halafu nikakumbuka jambo likaniuma. Mji huu ndio uliomlea Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba. Wazee wetu walisikiliza santuri za Cuba mpaka wakaupa muziki wetu mdundo wa kule. Na besiboli ndiyo mchezo unaowatoa Wacuba machozi. Tulikuwa tumeshaingia sebuleni kwao! Tukabeba rumba, tukaacha hesabu mlangoni.)

Mpwa wangu akanipa kisa. Mwaka 2018, Japani, kwenye mashindano ya shule za sekondari yanayochezwa uwanja wa Koshien na kutazamwa na nchi nzima, kulikuwa na shule ya kilimo kutoka Akita, Kanaashi Nogyo. Shule ya kilimo, yaani ndugu zake wa SUA. Mrushaji wao, Kosei Yoshida, alirusha karibu kila mpira wa timu yake mpaka wakafika fainali. Mashindano mazima mipira 881. Fainali mkono ukawa umekwisha, wakampumzisha kurusha katikati ya mchezo, wakafungwa 13 kwa 2. Nchi nzima ikampenda yule mtoto, na nchi nzima ikaanza kuulizana, hivi tunamfanyia nini? Mwaka 2020 wakaweka sheria: mrushaji wa sekondari asizidishe mipira 500 kwa wiki moja.

"Unaona?" nikamwambia. "Wenzetu wametunga sheria. Sisi tungempa mbuzi na kumwambia kesho kuna mechi nyingine."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa natafuta namba yetu. Mpira wa miguu huwezi kuhesabu kurusha, na hivyo vifaa vya matajiri vya kuvaa kifuani vinavyopima mbio, sisi hata sidiria zake hatuna. Kulipopambazuka nikawa nimepata. Magoti! Mtu aliyechoka hawezi kuyaficha magoti yake. Anaweza kumdanganya kocha kwa kunyoosha kidole gumba, anaweza kupiga makofi kuwahimiza wenzake, lakini mpira ukitoka nje, mikono itakwenda magotini yenyewe. Nikaweka sheria ya magoti sita. Mchezaji akishika magoti mara sita, nje, hata kama ni mtoto wa mfadhili.

Jumamosi nikaenda uwanjani na vifaa. Karanga za kukaanga za mia tano, mfuko wa kushoto wa koti. Kila namba sita akiinama, nahamisha karanga moja kwenda mfuko wa kulia. Mpango mzuri kabisa, tatizo likawa kipindi cha kwanza kilivyokuwa kitamu. Kufika dakika ya 60 mfuko wa kulia ulikuwa na maganda mawili na chumvi. Mwenzangu wa jukwaani akaniuliza tumefikia ngapi. Nikamwambia sita. Ilikuwa lazima iwe sita, nilikuwa nakumbuka ladha.

Nikapiga kelele. Kocha hakugeuka. Wingu lilikuwa limeshakaa Bondwa, limemeza ile minara ya mawimbi yote, na kila mwenyeji wa Morogoro anajua maana yake: dakika 20 zijazo mtacheza kwenye uji. Uwanja ukilowa miguu inakuwa mizito mara mbili. Hapo ndipo unapoingiza miguu mikavu. Kocha wetu akaingiza mwamvuli, wa kwake.

Sasa niwe mwadilifu kidogo, maana katibu naye husoma gazeti. Huenda kocha hakuwa na wa kumwingiza. Na hapo tunafika kwenye ugonjwa wenyewe, usajili, na ugonjwa huu katika mkoa huu una historia.

Mkoa wetu ni kitalu. Chukua Mtibwa Sugar, Wakata Miwa wa Turiani. Hii siyo timu ya kubeza: bingwa wa Tanzania 1999, bingwa tena 2000, timu ya kiwanda cha sukari ikawaacha Simba na Yanga wanatazamana. Mwaka 2018 wakabeba Kombe la Shirikisho kule Arusha kwa kuifunga Singida United 3-2. Lakini kila mche wao ukitoa jani la tatu, watu wa Kariakoo wanafika na toroli. Mwaka 2016 Simba walipita mara moja wakaondoka na watatu: Shiza Kichuya, Muzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Watatu kwa mpigo! Hata mwizi wa kuku hubakiza jogoo. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Kichuya akapiga kona dhidi ya Yanga, mpira ukaingia wavuni moja kwa moja, nchi ikasimama. Mimi nilikuwa kibanda umiza pale Msamvu, nimekaa kimya katikati ya watu wanaokumbatiana, nikijisemea ile ni kona ya Manungu, nyumbani kwa Mtibwa. Yanga nao wakaja kwa zamu yao wakamchukua Kibwana Shomari, kisha Dickson Job. Msimu wa 2023/24 ulipokwisha, Mtibwa wakashuka daraja. Wakarudi mwaka uliofuata wakiwa mabingwa wa Championship, maana mizizi ya muwa haifi, lakini ule mwaka mmoja nilizeeka miaka minne.

Silaumu kuuza. Kijana akipata mkate na apate, mama yake alimlea kwa tabu. Ninacholalamikia ni mtu kuuza ng'ombe wa maziwa halafu akanunua kengele.

Timu yangu hii isiyo na jina, dirisha dogo lililopita ilitangaza sajili sita. Mshambuliaji, mshambuliaji, mshambuliaji, winga, kipa wa tatu, mshambuliaji. Washambuliaji wanne wapya kwenye timu ambayo mpira haufiki mbele, kwa sababu mtu wa kuupeleka ni yule yule mmoja ameshika magoti pale katikati! Mmoja wao alitambulishwa kuwa mchezaji wa kimataifa. Tulipochunguza, umataifa wenyewe ni kwamba aliwahi kuvuka Namanga kwenda msibani. Na yule kiungo wa akiba, kijana mtulivu wa Bigwa ambaye angempumzisha namba sita nusu saa kila mechi, wao wakampa mkono wa kwaheri. Kosa lake hakuwa na kelele. Viongozi wetu wanasajili kama watu wanaonunua nguo za sikukuu, kila mtu anataka ya kung'aa, hakuna anayekumbuka soksi.

Nikamwuliza katibu, pale bombani, kwa nini hatuna namba sita wa pili. Akasema, "Mzee mwenzangu, wa kwanza si yupo?" Ndoo ikajaa, nikaondoka.

Halafu ipo ile ya penalti, ambayo nikiikumbuka huwa nataka kuandika barua kwa mtu, sijui nani. Wote tulimwona Van Gaal mwaka 2014, Kombe la Dunia kule Brazili, Uholanzi na Costa Rica. Dakika ya 120 inakatika, akamtoa kipa wake Cillessen, akamwingiza Tim Krul kwa ajili ya penalti tu. Krul akacheza mbili, Uholanzi wakapita. Huo ndio ukocha. Kumbe na kocha wetu alikuwa anaangalia. Nusu fainali ya kombe moja la hapa mkoani, sare, zimebaki dakika mbili twende kwenye matuta, nikaona kipa wa akiba anavua koti la mazoezi. Moyo wangu ukaruka. Mzee kaamka! Kijana akavaa glovu, akaomba dua, akapakaa mate viganjani, akakimbia mpaka mstari wa katikati, jukwaa zima tumesimama. Mwamuzi wa akiba akamtazama, akatazama karatasi yake, akamwonyesha vidole vitano vya mkono. Tulikuwa tumeshamaliza mabadiliko yote. La tano lilikuwa la dakika ya 88, na aliyetoka alikuwa mchezaji aliyeingia robo saa kabla. Kipa akarudi benchi na glovu zake, akavaa koti. Tukatolewa kwa penalti nne kwa mbili. Siku moja tu kocha anatumia mabadiliko yote matano, na namba sita bado yumo ndani! Alipiga yeye penalti ya mwisho. Sisemi ilikwenda wapi, ila mwenye duka la simu ng'ambo ya barabara aliirudisha.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo hiyo jioni, kwenye kikao cha maveterani wa mtaa wetu, nilisimama nikatoa hoja. Sisi wazee tunacheza kila Jumapili asubuhi uwanja wa shule ya msingi, na tuna tabia mbaya: mtu haingii akatoka. Anacheza mpaka adhuhuri ilmuradi alichangia jezi. Nikasema tuwe mfano kwa vijana. Magoti sita, nje, bila kujali cheo wala mchango. Nikawatolea mfano wa Kepa, yule kipa wa Chelsea, fainali ya mwaka 2019 na Manchester City. Kocha Sarri anamwita atoke, kipa wa pili amesimama tayari pale mstarini, Kepa anatikisa kidole: sitoki! Sarri anapiga kelele, anarusha mikono, anaelekea mlango wa kutokea kisha anarudi. Na Kepa hakutoka, na penalti wakashindwa. Nikawaambia wazee wenzangu, mtu wa namna ile angekuwa kwetu tungemwitia baraza la ukoo. Wakapiga makofi. Hoja ikapita. Mhesabuji akateuliwa mpwa wangu, kwa sababu hana timu, hana deni na mtu, na ana elimu.

Jumapili hii tukacheza na maveterani wa Kihonda. Mimi hucheza namba sita. Nilianza vizuri mno. Nilikata mipira, nikagawa kulia, nikagawa kushoto, mzee mmoja wa kwao nikampitisha mpira katikati ya miguu mpaka akaniamkia. Jua likapanda kidogo. Mpira ukawa unakwenda mbali kuliko mwanzo, sijui nani alikuwa ameuongeza upepo. Dakika ya 30 hivi nikasikia filimbi, nikaangalia pembeni nione nani anatolewa, nikamwona mpwa wangu amesimama mstarini ananipungia mkono. Nikampungia na mimi.

"Mjomba, toka!"

Nikamgeuzia mgongo. Mpira haukuwa unachezwa, lakini nikaenda kukaba.

"Mjomba! Wewe!"

Wachezaji wote wamesimama, wa kwetu na wa Kihonda. Nikamwendea, kwa mwendo wa mtu mwenye nguvu zake. Nikamwambia polepole, kwa heshima ya ukoo, kwamba sisi Waluguru ukoo unapita kwa mama, na yeye ndiye mrithi wangu, kwa hiyo naanza kuona haraka yake. Akasema shikamoo. Nikamwambia marahaba, na kwamba nilikuwa nainama kufunga kamba.

"Mjomba, hizo ni yeboyebo."

Nikatazama chini. Kweli nilivaa yeboyebo, njumu zangu ziliachama mwezi wa pili na fundi bado anazo. Nikamwambia kwamba hesabu si mchezo, mimi ndiye niliyeianzisha, inahitaji uzoefu, na kwa kadiri yangu mwenyewe nilikuwa nimeinama mara tatu, labda nne ukijumlisha ile ya kutema mate. Hakubishana. Hawa watoto wa SUA wamefundishwa kutunza kumbukumbu. Akaingiza mkono mfuko wa kulia wa suruali, akautoa, akanifungulia kiganja mbele ya wazee wote. Karanga tisa, zimepangwa tatu tatu.

Nikazichota zote kwa mkupuo, nikatia mdomoni, nikatafuna taratibu mpaka zikaisha.

"Haya," nikamwambia, "zilikuwa ngapi?"